Ukungu wa Karakana ya Tao

Jina nililopewa katika karakana ya Tao ni Binti Gundi. Baba yangu alikuwa fundi wa kubandika picha hapa mjini Suzhou. Unamletea mchoro wako wa hariri, anaupaka gundi ya ngano mgongoni, anautia karatasi ya kuushikilia, anauwekea pindo na fimbo ya kuviringishia, na mchoro unakuwa kitu cha kutundikwa ukumbini. Ni kazi ya heshima, ila inanuka. Siku niliyoingia kwa Mwalimu Tao, nikiwa na miaka ishirini, Bolin, mwanafunzi mkubwa wa karakana, aliinua pua na kwenda kufungua dirisha.

"Nani kaingia na uji uliochacha humu?" aliuliza.

Wote wakacheka. Nikacheka nao, huku nikimwekea Bolin kinyongo ambacho nilikitunza vizuri kwa miaka saba.

Jina langu halisi ni Xun Yuelan. Nalitaja mapema kwa sababu habari hii yote inalihusu jina hilo, na kama lingeandikwa mahali popote duniani au lisingeandikwa.

Kwa Mwalimu Tao hukufundishwa kuchora mlima. Ulifundishwa kuchora mlima wa mtu mwingine, mpaka mkono wako usahau kwamba si wako. Miaka miwili ya kwanza uliweka karatasi nyembamba juu ya picha ya bwana wa kale ukafuata mistari yake, kama kipofu anayeshikwa mkono kuvushwa barabara. Miaka mitatu iliyofuata picha ilitundikwa mbele yako, ukaitazama, ukachora, ukaitazama tena, na Mwalimu akapita nyuma yako akiguna. Mguno mmoja ulikuwa na maana umekosea. Miwili, umekosea palepale pa jana. Miaka ya mwisho picha iliviringishwa na kufungiwa sandukuni, ukaambiwa uichore hivyohivyo, kwa kichwa tu. Wengi waliishia hapo, wakaenda kufungua maduka ya chai.

Picha za mazoezi zilikuwa nyingi, lakini moyo wa nyumba ulikuwa mmoja: picha ya Mzee wa Kijito, mchoraji aliyekufa miaka mia sita kabla yetu. Juu kuna mlima mkubwa wenye misonobari, na kijito kinashuka upande wa kushoto. Chini, upande wa kulia, kijito kinatokea tena, na kando yake amesimama msafiri na punda wake, uso ameuinua juu. Katikati kuna ukungu. Ukungu mtupu, wa upana wa viganja viwili, usio na hata tone la wino.

Ukungu huo ndio uliotulisha. Babu yake Mwalimu Tao aliuandikia maneno ya sifa pembeni mwa picha, kwamba ni Mzee wa Kijito peke yake aliyethubutu kuacha tumbo la mlima bila kitu, na kwamba msafiri yule anautazama Utupu wenyewe. Wageni walitoka Yangzhou kuja kusimama mbele yake na kushusha pumzi. Nakala za karakana yetu zilijulikana kwa ukungu huo, na tulikuwa na namna yetu ya kuupata: maji ya chai, mara tatu, ukikausha kila mara, kwa sababu ulikuwa wa manjano zaidi kuliko hariri iliyouzunguka. Hiyo, tuliambiwa, ndiyo siri ya mzee. Nani alikuwa na ubavu wa kuuliza mbona ukungu una rangi ya chai?

"Nakili kila kitu," Mwalimu alizoea kusema. "Kama nzi alikunya pale, nakili na mavi ya nzi. Siku utakapojua kumzidi Mzee wa Kijito, utaniambia."

Mwisho wa miaka yote hiyo kulikuwa na mtihani, mmoja, usiorudiwa. Unaichora picha ya Mzee wa Kijito kwa kichwa mbele ya wageni, kisha ile ya asili inatolewa na kutundikwa kando ya yako. Ukifaulu, Mwalimu anakupa muhuri wa jiwe uliochongwa jina lako, na tangu siku hiyo unachora milima yako na kuipiga jina lako. Ukishindwa, unahamia chumba cha nyuma kuchora majani kwenye pepeo zitakazopigwa majina ya wengine, hadi macho yafe. Hiyo ni kwa wanaume. Mimi, baba alikwisha kufariki, na kaka yangu wa kuzaliwa aliyerithi kazi yake alikuwa ameniwekea mwiko wa kukorogea gundi ukutani na kila nilipomtembelea alinionyesha. "Unakungoja," alisema. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na uhakika.

Mtihani wangu ulipangwa mwezi wa tisa. Na katika mwezi wa sita, mambo yakaharibika.

Siku ya sita ya mwezi wa sita ni siku ya kuanika. Mvua zimekwisha, kuvu imeota hadi kwenye viatu, na kila nyumba yenye vitabu na picha huvitoa uani vipate jua. Mimi na Bolin tulipewa kuianika picha ya Mzee wa Kijito, kazi ambayo hapewi mtu mwenye mikono ya hovyo. Yeye alishika fimbo ya juu akiwa amesimama kwenye kigoda, mimi nikashika ya chini. Jua lilikuwa upande wake. Mimi nilikuwa mgongoni mwa picha, na pale katikati karatasi ya mgongoni ilikuwa imebanduka kwa unyevu, kwa hiyo mwanga ulipenya hariri na kunifikia.

Mlima uling'aa. Misonobari ilikuwa mistari myeusi, kila jani lake. Ukungu, usio na tone la wino, ulipaswa kung'aa kuliko vyote.

Ulikuwa mweusi tii.

Binti wa fundi hahitaji kuelezwa. Hapo palikuwa na hariri mbili, moja juu ya nyingine. Wadudu wakitoboa picha, fundi mwenye adabu hukata kiraka cha umbo lilelile la tundu, akakilinganisha uzi kwa uzi, na hiyo ni kazi ya siku tatu. Fundi mvivu hukata kipande kikubwa, akakibandika juu ya tundu na vyote vilivyo jirani, akakipaka chai kidogo kionekane cha kale, na mchana akaenda zake kula. Baba aliwaita hao wachinjaji. Na ndani ya weusi ule, nikikodoa, niliona mstari mwembamba uliolala mshazari, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Kaka," nikamwita Bolin, maana mwanafunzi mkubwa huitwa kaka hata ukimchukia. "Ule ukungu ni kiraka."

"Kiraka cha nini?"

"Hariri juu ya hariri. Njoo uone huku."

"Wewe kila ukiangalia unaona gundi tu."

"Si uje uone."

Hakuja. Alishuka kwenye kigoda polepole, msuko wake wa nywele ukamwangukia begani, akatazama kama kuna mtu uani, kisha akashusha sauti. "Haya, nije nione, halafu? Mimi muhuri wangu nimeupata kwa ukungu huo. Mwalimu kaupata kwa huohuo. Maneno ya babu yake hayo hapo pembeni, yanasomeka. Unataka twende tukawaambie wazee wa Yangzhou kwamba miaka yote wanashushia pumzi kiraka?"

"Ndiyo."

"Dada yangu, sikiliza. Chora ukungu, chukua muhuri wako, funga mdomo. Au kama hutaki, nenda kakoroge gundi."

Ulikuwa ushauri mzuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilikwenda hadi mlango wa Mwalimu siku hiyohiyo. Nilimkuta na mgeni, amesimama mbele ya nakala yake mwenyewe ya ujanani, iliyotundikwa ukumbini, akimweleza habari za msafiri na Utupu. Alikuwa na miaka sabini na moja. Hadithi ile alikuwa ameisimulia pengine mara elfu moja, na macho yake bado yalilowa. Nikarudi nyuma kimyakimya. Nilimpenda mzee yule, na kumpenda huko kulinikera kama jiwe kwenye kiatu.

Miezi mitatu nilikula na kulala na mstari ule. Nilichora ukungu kila siku, chai mara tatu, na kila nilipomaliza nilijiona mwongo. Maana mara ukishajua, picha yote inazungumza. Njia inaingia ukunguni chini ya msonobari wa kushoto, na inatokea upande wa kulia, ng'ambo ya maji. Ilivukaje? Na msafiri yule, jamani. Mtu aliyechoka, na punda aliyechoka zaidi, hasimami njiani kuutazama Utupu. Anatazama mahali pa kuvukia.

Mwezi wa tisa ukafika, na kaa wake. Wageni walikuwa watatu, lakini wawili walikuja kula kaa tu, kwa hiyo nitamtaja mmoja: Mzee Fei, mkusanyaji wa picha, mwenye miaka sabini na tisa, ulimi mkali na tumbo lisilojua kushiba. Alikuwa amekaa na bakuli la maganda mbele yake, na Mwalimu alikuwa amemkataza kusogelea meza yangu kabla hajanawa kwa maji ya tangawizi.

"Ndiye huyu wa gundi?" Mzee Fei aliuliza.

"Ndiye," akajibu Mwalimu.

"Mikono yake mizuri. Haya, mama, tuchoree. Sisi tunakula."

"Picha imefungiwa," Mwalimu akaniambia. "Anza, Yuelan."

Nilianza asubuhi, baada ya uji. Nataka niseme ukweli bila kujinyenyekeza: sijawahi kuchora vile. Mlima ulitoka kwenye brashi kana kwamba ulikuwa umechoka kungoja. Misonobari, mawe, kijito cha juu, kijito cha chini, punda, msafiri na shingo yake iliyopinda. Wageni waliacha kutafuna. Hata Bolin, aliyekuwa akinisagia wino kama desturi inavyotaka, alianza kupumua pamoja na mkono wangu. Ilipofika alasiri kulibaki sehemu moja tu, viganja viwili katikati, na kando ya kiwiko changu kikombe cha chai ya kupakia.

Mpaka hapo sikuwa nimeamua. Ningependa kusema nilikuwa jasiri, lakini nilikuwa nikiuona ule mwiko ukutani kwa kaka yangu. Nilichovya brashi pana kwenye chai. Nikaitoa. Mkono ulikataa kushuka. Nilikuwa nimechora mawe kwa uaminifu, na maji kwa uaminifu, na sasa nilitakiwa kupaka uongo wa fundi mvivu juu yake na kuupokelea jina langu. Hasira zikanipanda, hasira safi kabisa.

Nikaiweka brashi chini. Nikachukua kikombe cha chai nikainywa yote.

"Unafanya nini?" Bolin akanong'ona.

"Nina kiu."

Nikachukua brashi nyembamba. Nikalipitisha jabali kutoka kushoto, nikayageuza maji yalizunguke, na juu ya maji, mshazari, mahali palepale pa ule mstari, nikajenga daraja. Daraja zuri la mawe, lenye upinde mmoja. Njia ikaingia upande huu na kutoka upande ule. Nikaweka brashi, nikainama mbele ya Mwalimu, nikasema nimemaliza.

Picha ya asili ikatolewa, ikatundikwa kando ya yangu. Mzee Fei akatazama moja, akatazama nyingine.

"Mama," Mzee Fei akasema mwishowe, "umejenga daraja kwenye mlima wa watu. Nani kakupa kibali?"

"Amechoka, Mwalimu," Bolin akadakia haraka. "Kachora tangu asubuhi hajala, amechanganya na picha nyingine. Naomba apewe siku ya pili." Nilimtazama kwa mshangao. Alikuwa akiniokoa, mjinga yule. Kinyongo changu cha miaka saba kilipata ufa, na sikuwa na muda wa kuuziba.

"Sikuchanganya, kaka," nikasema. "Nimechora ninachokijua."

Mwalimu alikuwa hajatoa mguno hata mmoja. Alisogea karibu na picha yangu, akalifuata daraja kwa macho, huku na huku, kama anayelivuka.

"Nilisema nini," akauliza, "kuhusu siku utakapojua kumzidi Mzee wa Kijito?"

"Ulisema nikuambie."

"Niambie."

"Simzidi Mzee wa Kijito, Mwalimu. Nimemjua fundi aliyekuja baada yake. Ule ukungu si wake. Ni kiraka."

Mmoja wa wale wala kaa akaangusha kijiti chake cha kulia. Nikaeleza yote: siku ya kuanika, weusi, mstari. Mwalimu aliitwaa picha ya asili ukutani kwa mikono yake mwenyewe, akampa Bolin ncha moja na mimi ncha nyingine, akatuamuru tuishike mlangoni, jua la alasiri likiipiga kwa mbele. Yeye akaenda kusimama mgongoni.

Tulikuwa hatumwoni. Tuliona miguu yake tu chini ya pindo, viatu vyeusi vya kitambaa, havisogei. Nikaomba angalau aseme neno, hata la kunifukuza.

"Miaka hamsini na miwili," sauti yake ikasema nyuma ya mlima. Kisha: "Utaweza kukitoa?"

"Mwalimu," Bolin akasema, "hii ni hariri ya miaka mia sita. Ikipata maji moto ikachanika, tumekwisha. Nyumba nzima imekwisha."

"Najua ni ya miaka mingapi. Namuuliza Yuelan."

"Nitaweza," nikasema. "Isipochanika. Ikichanika, nitarudi kwa kaka yangu leo hii na hamtaniona tena."

"Ikichanika utabaki hapa kuishona pamoja nami," akasema Mwalimu, akatoka mgongoni mwa picha. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Bolin, lete maji. Miaka saba tumekaa na mtu wa pekee aliyeweza kuliona jambo hili, na siku alipoingia wewe ukafungua dirisha."

"Nililifunga baadaye," Bolin akanung'unika, akaenda.

Tukailaza picha mezani. Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Kitambaa safi kilicholowa na kukamuliwa, juu ya kiraka, halafu kungoja muda wa kula bakuli la uji. Hapo ndipo wengi huharibu, hawawezi kungoja. Harufu ya gundi ya kale ikapanda, ileile, ngano iliyolala miaka mingi, na ghafla nikamkumbuka baba yangu na vidole vyake vilivyopauka, jinsi alivyokuwa akiongea na picha wakati wa kuilowesha kama anayemwogesha mtoto. Kwa miaka saba nilikuwa nimejisugua kwa mchele na sabuni ili nisinuke kama yeye. Niliona haya, na nilistahili, nikaiacha harufu initie moyo.

Nikaingiza kijiti bapa cha mwanzi chini ya pembe ya kiraka. Kikaingia. Nikasogeza kwa upana wa unywele, nikalowesha, nikasogeza. Kiraka kiliinuka kama utando wa maziwa, na chini yake hariri ya zamani ilikuwa nzima, safi, haijaguswa na moshi wala jua tangu siku iliyofunikwa.

Daraja lilikuwepo.

Halikuwa la mawe. Yalikuwa magogo mawili tu, yametupwa juu ya maji na mtu asiye na muda, na kwa mistari michache kiasi kwamba daraja langu la upinde likaonekana la mtu mwenye kujishaua. Na juu ya magogo alikuwa ameketi mkata kuni. Mzigo wake kando. Mguu mmoja mtupu unaning'inia. Na mkononi ameshika kiatu, amekigeuza chini juu, anakikung'uta.

Tundu la wadudu, lile lililoleta balaa lote, lilikuwa la ukubwa wa punje ya njegere. Lilikuwa limekula uso wake tu.

Mzee Fei, ambaye hakuwa amenawa bado, alikuwa ameinama juu ya bega langu akininukia kaa. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mimi," akasema taratibu, "nimeutungia ule Utupu mashairi matatu. Nimeyachapisha kwa pesa yangu." Akatazama tena. "Kumbe jamaa anatoa kokoto."

Nikamgeukia Mwalimu, maana ndiye niliyemwogopea. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, kisha kwa machozi, na akamnyooshea kidole msafiri wa chini, yule mwenye shingo iliyopinda, akashindwa kusema, akaanza upya. "Babu yangu," akasema, "babu yangu alilia mbele ya hii picha. Mimi nimelia. Na mzee yule yuko kaburini anatungoja miaka mia sita tumwone mtu wake wa kiatu." Akajifuta kwa mkono wa kanzu. "Ni bora. Mnaona? Ni bora mara mia kuliko ukungu."

Ilikuwa bora kweli. Mlima wote ulikuwa umepata mtu wa kuishi ndani yake.

Aliponyamaza aliitazama nakala yangu, na uso wake ukawa wa kazini tena. "Nakala yako ina makosa, Yuelan. Daraja si hilo. Na mtu hukumweka."

"Sikumwona, Mwalimu."

"Hakuna aliyemwona." Akainuka, akachukua brashi nyembamba kuliko zote, akanipa. "Hana uso. Ziba tundu, umpe uso."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Kwenye nakala yangu?"

"Kwenye hariri ya Mzee wa Kijito."

"Niunakili kutoka wapi?"

"Hakuna pa kunakili," akasema Mwalimu Tao. "Ndiyo sababu nakupa wewe."

Nilikata kipande cha ukubwa wa njegere kutoka kwenye kiraka chenyewe, uzi kwa uzi, nikakitia kwa nyuma, nikangoja kikauke. Bolin akasaga wino bila kuambiwa, akaupunguza mpaka ukafanana na wa mzee, na akanionyesha kwenye karatasi ili nihakikishe. Miaka saba nilikuwa nimeshikwa mkono na mtu aliyekufa, na sasa alikuwa ameuachia. Nikamtazama msafiri wa chini. Mtu hainui uso mlimani bila sababu. Ameitwa. Basi yule wa juu lazima awe anamwita.

Mistari mitatu. Jicho, pua, na mdomo ulio wazi.

Mzee Fei akasogeza pua yake hadi karibu kuigusa. "Anamwambia nini huyu?"

"Anamwambia apande, njia ni hii," nikajibu. "Ila aangalie kokoto."

Walicheka hadi wale wala kaa wawili, na mimi nikacheka, na nilijua, kwa mara ya kwanza bila mguno wa mtu yeyote nyuma yangu, kwamba mistari ile mitatu ilikuwa sawa. Sikuwa nimeinakili popote. Ilikuwa yangu, na ilikaa pale mlimani bila kumwonea aibu mwenye mlima.

Mwalimu akaingiza mkono kwenye mkono wa kanzu yake, akatoa muhuri. Jiwe dogo jekundu, jina langu lote: Xun Yuelan.

"Uliuchonga lini?" nikauliza.

"Mwaka jana. Nilichoka kungoja."

Nikaufinya kwenye wino mwekundu, nikaielekea nakala yangu na daraja lake la kujishaua. Mwalimu akanishika kiwiko. "Si hapo," akasema. Akanionyesha pembe ya chini ya hariri ya asili, mahali wamiliki wa zamani walipopanga mihuri yao, tisa, mmoja juu ya mwingine. Chini yao palikuwa na nafasi.

"Mwalimu," Bolin akasema, "hapo wanapiga wenye picha."

"Hao tisa walipiga kwa sababu waliinunua," Mwalimu akajibu. "Huyu ameiona."

Nikapiga. Nikaubonyeza muhuri kwa uzito wangu wote, nikahesabu pumzi tatu, nikauinua. Jina langu lilikuwa pale, jekundu, bichi, chini ya matajiri tisa, na Bolin ndiye aliyeinama kulipuliza likauke.